Msimbo wa QR ni mlango: Mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa ashike funguo zake

ASUBUHI katika soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa hushushwa kutoka kwenye boti za visiwani na kupakiwa kwenye malori yanayokwenda mikoa mingine na nchi jirani za Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa miaka mingi biashara hii imeendeshwa kwa macho, pua na neno la mtu. Mnunuzi huingiza mkono ndani ya gunia, hutafuna dagaa wawili watatu kuona kama wana mchanga, kisha mazungumzo ya bei yanaanza.

Siku hizi kando ya mizani kuna kitu kingine: mraba mdogo wenye vidoti vyeusi na vyeupe. Ni msimbo wa QR. Upo kwenye kaunta ya duka la pembejeo, kwenye meza ya mama lishe, kwenye risiti ya mashine ya kodi, na sasa umeanza kuonekana kwenye mifuko ya mchele na pakiti za dagaa zinazofungashwa na wajasiriamali wadogo.

Wengi wanauweka kwa sababu jirani ameuweka, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Msimbo wa QR si pambo, wala si alama ya ubora. Ni mlango. Mteja akiuelekezea simu anapelekwa mahali fulani. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza kabla ya kwenda kwa mchapaji ni matatu: mlango huo unaelekea wapi, nani anashika funguo zake, na ndani kuna nini?

Mfanyabiashara asiyeweza kujibu maswali hayo anaweza kupoteza fedha, wateja, au vyote kwa pamoja.

Ulitoka kiwandani, haukutoka benki

Msimbo huu ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso ya Japani, iliyo katika kundi la Toyota, na mhandisi aliyeongoza kazi hiyo ni Masahiro Hara. Shida yao ilikuwa ya kiwandani. Alama za mistari zilizokuwa zikibandikwa kwenye maboksi ya vipuri vya magari zilibeba taarifa chache, hivyo mfanyakazi alilazimika kusoma alama nyingi kwenye boksi moja. Walitaka alama inayobeba mengi, inayosomeka haraka kutoka upande wowote, na inayosomeka hata ikichafuka kwa mafuta.

Ndiyo maana msimbo una miraba mitatu mikubwa kwenye pembe zake. Hayo ndiyo macho yake. Simu inayatafuta kwanza ili ijue msimbo umekaaje, kisha inasoma vidoti vilivyobaki.

Kampuni hiyo ilisajili ubunifu wake lakini ikaamua kutowatoza watumiaji, na mwaka 2000 msimbo ukawa kiwango cha kimataifa. Hadi leo kutengeneza msimbo wa kawaida hakuna ada. Anayemtoza mkulima fedha anamtoza kwa usanifu, uchapaji au huduma nyingine. Msimbo wenyewe hauuzwi.

Ndani yake kuna maandishi tu: anuani ya tovuti, namba ya simu, namba ya malipo, au maneno ya kawaida. Msimbo mdogo kabisa una vidoti 21 kwa 21 na mkubwa kabisa 177 kwa 177. Maandishi yakiwa mengi, vidoti vinaongezeka na kuwa vidogo, na simu ya bei nafuu inashindwa kuvisoma. Kanuni ya kwanza basi ni rahisi: andika machache.

Msimbo wa malipo na mtego wake

Matumizi yanayofahamika zaidi kwa wafanyabiashara wadogo ni malipo. Kampuni za simu na benki humpa mfanyabiashara namba ya kulipia, maarufu kama Lipa Namba, pamoja na kibandiko chenye msimbo. Faida yake ipo wazi. Mteja haandiki tarakimu moja moja, hivyo fedha haziendi kwa mtu mwingine kwa kukosea namba moja. Vilevile mauzo yanabaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zinaweza kumsaidia mwenye duka anapoomba mkopo.

Benki Kuu ya Tanzania nayo imetoa kiwango cha taifa cha msimbo wa malipo, kiitwacho TANQR, kwa lengo la kuufanya msimbo mmoja usomwe na wateja wa mitandao na benki tofauti. Hatua hiyo inaendana na mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Kenya nayo ilitoa kiwango chake mwaka 2023. Kwa mwenye duka, maana yake ni kwamba hana sababu ya kujaza ukuta kwa vibandiko vitano. Anapojiandikisha, aulize kama kibandiko anachopewa ni cha kiwango hicho cha taifa, na aulize makato ni kiasi gani, nani anayalipa, na fedha zinafika lini.

Jambo moja huwachanganya wateja. Msimbo wa malipo husomwa ndani ya programu ya malipo iliyo kwenye simu. Anayeuelekezea kamera ya kawaida anaweza kuona mlolongo mrefu wa tarakimu usio na maana kwake, akadhani kibandiko ni kibovu. Sentensi moja chini ya msimbo, inayomwambia mteja aanzie kwenye programu gani, humwondolea usumbufu huo.

Mtego mkubwa, hata hivyo, ni wizi. Msimbo hausomeki kwa macho ya binadamu. Namba ikibadilishwa kwenye bango, mwenye duka ataiona. Vidoti vikibadilishwa, hakuna atakayejua. Mwizi anahitaji kibandiko chake tu, akakibandika juu ya kile cha duka. Mteja analipa kwa nia njema, fedha zinakwenda kwingine, na ugomvi unabaki kati ya muuzaji na mnunuzi.

Hili limetokea kwingineko. Mwanzoni mwa mwaka 2022, polisi wa jiji la Austin, Marekani, walikuta vibandiko bandia vya QR kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari. China, ambako hata wauza mboga hulipwa kwa msimbo, benki kuu ya nchi hiyo iliweka ukomo kuanzia Aprili 2018: malipo kwa msimbo uliochapishwa na kubandikwa ukutani yasizidi yuani 500 kwa mteja kwa siku. Sababu iliyotolewa ni kwamba msimbo uliobandikwa ni rahisi kubadilishwa.

Kinga yake haihitaji utaalamu. Jina la biashara lichapishwe kwa herufi kubwa kwenye kibandiko, na mteja aombwe kuhakikisha jina linalotokea kwenye simu yake ni hilo hilo kabla ya kuweka namba ya siri. Kibandiko kikae ndani ya kaunta, mahali muuzaji anapokiona, na si nje ya mlango. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mwenye duka akiskani mwenyewe na apitishe kidole juu yake kuona kama kuna tabaka la pili. Na mzigo usitoke dukani kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe unaohesabika ni ule ulioingia kwenye simu au akaunti ya muuzaji.

Kuna wizi mwingine usiohitaji mgeni. Namba ya malipo ya duka ikiwa imesajiliwa kwa jina la shemeji, mtoto au kijana anayeuza, kisheria fedha zinazoingia zina jina la mtu huyo. Siku wakikosana, mwenye mtaji ndiye atakayebaki akieleza. Funguo ziwe kwa mwenye biashara.

Funguo zilizo kwa mtu mwingine

Upande wa vifungashio, hatari ni ya aina nyingine, na wajasiriamali wengi hawaijui mpaka wameshachapisha.

Misimbo ipo ya aina mbili. Wa kwanza hubeba anuani au namba yenyewe moja kwa moja. Ukishachapishwa haubadiliki, na hauhitaji ruhusa ya mtu yeyote kufanya kazi. Wa pili hubeba anuani fupi ya kampuni iliyoutengeneza. Mteja akiskani, anapita kwanza kwenye kompyuta za kampuni hiyo, kisha anaelekezwa kwenye ukurasa wa mfanyabiashara.

Aina ya pili ina faida. Mwenye bidhaa anaweza kubadilisha ukurasa bila kuchapisha upya, na anaweza kuona ni watu wangapi wameskani, siku gani na kwa takriban kutoka wapi. Lakini funguo zipo kwa kampuni hiyo. Huduma nyingi za namna hii mtandaoni hutangazwa kuwa ni bure, kumbe bure hiyo ni ya majaribio ya siku chache au ya idadi fulani ya kuskaniwa. Muda ukiisha bila malipo, mlango unafungwa. Mteja anayeskani anakuta tangazo la kampuni au ukurasa uliokufa. Na zile taarifa za nani ameskani wapi, kampuni inazo pia.

Chukulia mjasiriamali wa Magu anayefungasha mchele. Anachapisha mifuko 2,000 yenye msimbo, kila mfuko kwa Sh500. Hiyo ni Sh1,000,000. Anauza mifuko 300 ndani ya wiki mbili, kisha majaribio yanaisha. Mifuko 1,700 iliyobaki, yenye thamani ya Sh850,000, sasa ina mlango uliofungwa. Ama alipie huduma kila mwezi kwa fedha za kigeni asizozipanga, ama abandike stika mpya juu ya kila mfuko, ama auze hivyo hivyo na kuonekana mbabaishaji.

Njia ya kujua ni ipi umepewa ni nyepesi. Skani msimbo kabla ya kuulipia, na usome anuani inayotokea kabla ya kuifungua. Kama si anuani yako bali ni jina fupi usilolijua, basi unapita mlangoni kwa mtu. Mwambie msanifu aweke anuani au namba yako yenyewe.

Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na tovuti, ipo njia ya kati isiyo na ada ya kila mwezi. Msimbo unaweza kubeba anuani ya WhatsApp ya biashara yake: wa.me, mkwaju, kisha namba ya simu ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mteja akiskani, mazungumzo na muuzaji yanafunguka. Bei zikibadilika, hakuna cha kuchapisha upya, kwani muuzaji anajibu mwenyewe.

Hapa pia suala la funguo halikwepeki. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenye biashara, na itumike mara kwa mara. Laini ikiachwa muda mrefu bila matumizi hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Gunia lililokwisha kufika Burundi litakuwa linampeleka mteja kwa mtu asiyejua hata dagaa wanauzwaje.

Wanaokua zaidi, kama kiwanda kidogo cha kukoboa mpunga au chama cha ushirika, ni vyema wakasajili jina lao la tovuti lenye mwisho wa .co.tz au .or.tz na kuliweka kwenye msimbo. Ukurasa unaweza kubadilishwa kila msimu, lakini mlango unabaki wao mradi walipie jina hilo kila mwaka.

Mteja mwenye kitochi

Si kila mnunuzi ana simu janja, na si kila mwenye simu janja ana bando. Katika mialo ya visiwa vya Ukerewe au Kome, mtandao unaweza kupatikana kwenye mwinuko na kukosekana kwenye mwalo wenyewe. Msimbo unaofungua ukurasa wenye picha kubwa na video utamla mteja bando lake kabla hajaona bei.

Ndiyo maana msimbo haupaswi kuchukua nafasi ya maandishi. Namba ya malipo iandikwe kwa tarakimu kubwa chini yake. Namba ya simu iandikwe. Jina, uzito na tarehe ya kufungasha viandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwenye kitochi ni mteja kamili, na mara nyingi ndiye anayenunua gunia zima.

Aidha, wengi hawajui kwamba msimbo unaweza kufanya kazi bila intaneti kabisa. Ukibeba namba ya simu tu, simu ya mteja itamuuliza kama anataka kupiga. Ukibeba maneno ya kawaida, yatatokea kwenye simu yake hata akiwa katikati ya ziwa, ingawa baadhi ya simu zitahitaji programu ndogo ya kusomea. Mistari mitatu inatosha: jina la kikundi, namba ya mzigo na tarehe ya kufungasha.

Usome juani na kwenye gunia

Msimbo usiosomeka ni hasara, na mara nyingi sababu ni uchapaji. Wasanifu hupenda kuupamba kwa rangi ya dhahabu juu ya mfuko wa kaki, au nyeupe juu ya kijani. Simu inahitaji tofauti kubwa ya mwanga na giza. Vidoti vyeusi juu ya nyeupe havijashindwa na pambo lolote.

Pembeni pote pawe na nafasi tupu yenye upana wa vidoti vinne. Mstari wa nembo ukigusa msimbo, simu inashindwa kujua msimbo unaanzia wapi.

Ukubwa unategemea umbali. Kipimo kinachotumika sana ni kimoja kwa kumi: msimbo unaosomwa kutoka sentimita 20 uwe na upana wa angalau sentimita 2, na bango linalosomwa kutoka mita 5 liwe na msimbo wa nusu mita. Kwa kipimo hicho, msimbo mdogo kwenye mgongo wa daladala inayokimbia kutoka Buzuruga ni wino uliopotea.

Bidhaa za ziwani zina adha zake. Gunia la nailoni lililofumwa lina mikunjo na wino wake huachana. Mfuko wa plastiki unaong'aa hurudisha mwanga wa jua kwenye kamera. Mafuta ya dagaa hulowesha karatasi. Kwa gunia, lebo ya kushonwa au kufungwa kwenye mshono hudumu kuliko kuchapisha juu ya gunia lenyewe. Kwa pakiti, msimbo ukae upande ulio bapa, mbali na mkunjo.

Waliobuni msimbo waliliona tatizo la uchafu. Una viwango vinne vya kujirekebisha: kiwango cha chini huvumilia kuharibika kwa takriban asilimia 7, cha juu takriban asilimia 30. Kwa pakiti ya dukani kiwango cha kati kinatosha. Kwa gunia la dagaa mwambie msanifu aweke cha juu, huku akijua kwamba vidoti vitaongezeka na msimbo unapaswa kuwa mkubwa kidogo.

Kabla ya kuchapisha maelfu, chapa nakala moja. Ijaribu kwa simu tatu, mojawapo ikiwa ya bei ya chini kabisa, juani saa sita mchana na jioni kwenye mwanga hafifu. Muda wa nusu saa unaweza kuokoa mtaji wa msimu.

Daftari kabla ya msimbo

Hata msimbo unaosomeka vizuri na ambao funguo zake zipo kwa mwenyewe haujajibu swali la tatu: ndani kuna nini?

Wakazi wa Mwanza wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miaka ya mwisho ya 1990. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa masuala ya vimelea na hofu ya kipindupindu, kisha mwaka 1999 baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Zuio la 1999 liligusa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Viwanda vya minofu ya sangara vikapunguza kazi, na bei ya samaki ikaporomoka kwa wavuvi ambao hawakuwahi kushika sumu.

Funzo la kiuchumi la tukio hilo bado halijachakaa. Mnunuzi wa mbali hakuwa na njia ya kumtenganisha mvuvi safi na mchafu, kwa hiyo aliwafungia wote. Kukosekana kwa kumbukumbu ya samaki alikotoka kuligeuza kosa la wachache kuwa adhabu ya ziwa zima. Baada ya hapo ukaguzi uliimarishwa, mialo ikaboreshwa, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vikaundwa, na samaki wanapimwa katika maabara ya taifa iliyopo Nyegezi. Mnyororo wa sangara wa viwandani sasa una makaratasi yake.

Dagaa hawana makaratasi ya namna hiyo. Aliyeanika kwenye vichanja, dagaa wake wakiwa safi, na aliyeanika mchangani hukutana kwenye soko moja, na magunia yakishachanganywa, bei huelekea kufanana. Mwenye vichanja ametumia mbao, nyavu na muda, lakini halipwi gharama hiyo ipasavyo. Huyu ndiye anayeweza kufaidika zaidi na msimbo, kwa sababu ana jambo la kusema ambalo mwenzake hana.

Lakini msimbo haujui ukweli. Unasema kile ulichoandikwa. Anayeanika mchangani naye anaweza kuchapisha msimbo unaosema dagaa wake ni wa kwenye vichanja. Mnunuzi akidanganywa mara mbili, atapuuza misimbo yote, ya wakweli na ya waongo, kama Ulaya ilivyopuuza samaki wote mwaka 1999.

Tazama misimbo inayoaminika nchini na utaona sababu. Msimbo kwenye risiti ya mashine ya kodi humpeleka mnunuzi kwenye kumbukumbu za TRA. Stempu za kodi za kielektroniki, zilizoanza kutumika mwaka 2019, zinaweza kuhakikiwa kwa programu ya Hakiki Stempu. Katika mpango wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa Agosti 2022, wakulima walisajiliwa na kupewa namba, na mifuko ikawekewa misimbo ili ifuatiliwe. Kote huko nguvu haimo kwenye vidoti. Ipo kwenye daftari lililo nyuma yake, na kwenye taasisi inayowajibika kwa daftari hilo.

Kwa mzalishaji mdogo, daftari hilo linaweza kuwa la karatasi. Kila mzigo upewe namba. Mbele ya namba iandikwe tarehe ya kuvuliwa au kuvunwa, mwalo au kijiji, nani alianika na wapi, uzito, na ulikouzwa. Mnunuzi wa Kigali akipiga simu kulalamika kuhusu mzigo namba 14, mwenye daftari anafungua ukurasa, anajua kosa lilitokea kwa nani, na anaokoa mizigo mingine 13. Asiye na daftari atajibu kwa kuapa.

Kazi ya kikundi, si ya mtu mmoja

Kutokana na hali hiyo, msimbo wa maelezo ya bidhaa unafaa zaidi ukiwa wa kikundi kuliko wa mtu mmoja mmoja. BMU ya mwalo, chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, au kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa wana viongozi, mihuri na mikutano. Kikundi kinaweza kuweka sharti kwamba lebo haitolewi kwa mzigo ambao haukukaguliwa, na kinaweza kumnyima lebo mwanachama anayedanganya. Mtu mmoja hawezi kujinyima mwenyewe.

Halmashauri na SIDO nazo zina nafasi. Mafunzo ya ufungashaji yanayotolewa kwa wajasiriamali yanapaswa kujumuisha saa chache za jambo hili: tofauti ya aina mbili za misimbo, usajili wa laini na namba ya malipo, na uandishi wa daftari la mizigo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine yoyote.

Wanaolenga maduka makubwa wasichanganye mambo. Msimbo wa QR uliotengenezwa bure hauchukui nafasi ya msimbomilia unaosomwa kwenye kaunta ya malipo. Namba za msimbomilia hutolewa na GS1, na zile zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Shirika hilo limeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 mashine za maduka duniani ziweze kusoma msimbo wa mraba sambamba na ule wa mistari. Msimbo huo wa mraba utabeba namba ya bidhaa na hata namba ya mzigo. Yaani duka litataka kusoma kwa mashine kile ambacho mzalishaji alipaswa kuwa amekiandika kwenye daftari.

Hivyo mwenye daftari leo hatakuwa na kazi kubwa kesho. Asiye nalo atanunua vidoti, na vidoti peke yake havitamwongezea bei hata shilingi.

Mfanyabiashara anayekwenda kwa mchapaji wiki hii basi ahakikishe namba ya malipo na laini vina jina lake, anuani iliyo ndani ya msimbo ni yake, namba zimeandikwa pia kwa mwenye kitochi, na nakala moja imejaribiwa juani. Kisha amuulize msaidizi wake swali moja: mteja akipiga simu kuuliza mzigo huu ulitoka wapi, tutafungua ukurasa gani? Kama hakuna ukurasa wa kufungua, akanunue daftari kwanza.